Kijiti cha Sechelela

"Kwaruza gome ndipo ushike shoka." Mmenisikia nikimwambia mjomba wenu, mkaanza kucheka. Haya, chekeni, kisha mtulie. Maneno haya yalianzia hapa hapa Ugogo, nyumbani kwa Mzee Chibago, na chanzo chake ni hiki.

Mnaijua miturituri ile mifupi, yenye miiba, inayoota kwenye mawe. Miezi minane haina hata jani; mgeni akiiona anasema, kuni hizo! Zamani bibi harusi alikuja na kijiti cha mturituri kutoka ua wa mama yake, akakichomeka kwenye ua wa ukweni. Kikichipua, ndoa ina baraka. Kikifa, basi.

Sechelela, mkamwana wa Mzee Chibago, alichomeka chake. Akajifungua mtoto, mtoto akafa ana siku arobaini. Tangu hapo Sechelela hakusema neno. Alitwanga, alichota maji, alikamua ng'ombe, kimya tu. Mvua zikaja haba. Vijiti vya wenzake vikachipua, chake kikabaki vilevile.

Asubuhi moja Mzee Chibago akachukua shoka, akakiendea kile kijiti. "Huyu arudi kwao," akamwambia mkewe, Bibi Nyemo. "Mti umeshasema."

"Umeuuliza?"

"We mama, mti unaulizwaje?"

Bibi Nyemo akainama, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kijani kibichi, utomvu ukamlowesha kidole. Mzee akashusha shoka. Lo, aibu gani ile! Mtu aliyezeeka na miturituri!

Lakini mkewe hakuwa na habari naye tena. Alikwenda kinuni, akamshika Sechelela mkono wenye mchi.

"Mwanangu, sote tulikupa pole, kisha tukanyamaza. Hakuna aliyekuuliza. Hebu niambie, mtoto wetu alikuwa akilalaje?"

Mchi ukaanguka.

"Mazoya," Sechelela akasema. "Mazoya alikuwa akilala amekunja ngumi, mama."

Akalia, akasimulia, akalia tena, mpaka jua likawa utosini. Unga haukupatikana siku hiyo. Wanaume walikunywa maziwa matupu, na nani angethubutu kulalamika?

Mzee Chibago alikuwa nyuma ya ua, akisikia yote. Na yeye alikuwa hajawahi kulitamka jina la mjukuu wake tangu wamzike. Akalitamka pale, peke yake, machozi yakimtoka. Baada ya hapo, kila aliyemjia na shauri la kumfukuza mtu, alimjibu hivi tu: kwaruza gome ndipo ushike shoka.