Mkaguzi wa Vioo na Kijana Aliyeitwa Posta

Kati ya siku saba za juma, Lester Kovach alikuwa na siku moja tu ya kuzungumza na watu, nayo ilikuwa Jumatatu. Siku nyingine zilimpita kimyakimya, kama maji ya mto Maumee yapitavyo chini ya barafu. Aliishi peke yake katika nyumba nyembamba ya mbao mtaani Birmingham, upande wa mashariki wa Toledo. Yeye na mkewe waliachana zamani, na binti yao alihamia Arizona, ambako kila Krismasi humtumia baba yake picha ya jua. Ijumaa moja Lester alikwenda dukani kununua mkate. Alipofungua kinywa kuagiza, sauti ilimtoka ikikwaruza kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Ndipo alipotambua kuwa hakuwa ametamka neno tangu Jumatatu.

Jumatatu saa sita mchana redio ya mji ilikuwa na kipindi cha mashabiki wa Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani iliyopendwa na kulaaniwa na Toledo nzima. Lester alipiga simu mapema, akaibana kwa bega, akasikiliza muziki wa kusubiri kwa dakika arobaini, hata akamsikia mtangazaji, Mitch Dombrowski, akisema, "Sasa tunaye mkaguzi wetu, Lester wa Birmingham." Hapo alipewa dakika tatu. Dakika hizo alikuwa amezifanyia mazoezi juma zima, akisema peke yake mbele ya jokofu.

Kilichompatia umaarufu kilikuwa jina moja. Misimu miwili nyuma Wahunzi walimleta mrushaji mpya kutoka Louisiana, Tavion Guidry, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Katika mchezo ule mrushaji ndiye roho ya timu. Yeye hupokea mpira, hutazama ni mwenzake yupi aliye wazi, kisha humrushia kabla majitu ya upande wa pili hayajamwangusha chini. Msimu wake wa kwanza Guidry alirusha ovyo. Mipira yake ilipita juu ya vichwa, ikaanguka miguuni, ikaishia mikononi mwa wapinzani. Lester akasema redioni, "Kijana huyu ni kama posta ya mtaani kwetu. Mzigo ni wako, yeye anampelekea jirani."

Mji mzima ukacheka. Jumapili iliyofuata mashabiki walikwenda uwanjani wamevaa kofia za posta. Wachambuzi wa televisheni wakalidaka jina, magazeti yakaliandika, na watoto wakaliimba. Dukani watu wakaanza kumwuliza Lester kama posta imefika leo, naye akawajibu kuwa imefika, ila kwa jirani. Siku hizo alirudi nyumbani na mkate wake akitembea kama mtu aliyerudi kwenye miaka hamsini.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Ernestine Pruitt wa Mtaa wa Dorr, ng'ambo ya mto, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyepiga simu kila Jumatatu kumtetea kijana.

"Nimebeba watoto wa watu miaka ishirini na tisa," alisema siku moja. "Mtoto anayejifunza namjua, na asiyefundishika namjua. Huyu anajifunza. Mpeni muda."

"Mama, hili si basi la shule," Lester akamjibu zamu yake ilipofika. "Hapa hatumngojei mtu afunge kamba za viatu."

Jibu lile lilirudiwa hewani majuma matatu mfululizo.

Lakini Lester hakuwa mropokaji. Miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha vioo vya magari. Kazi yake ilikuwa kuinua kioo mbele ya taa kali na kutafuta kasoro. Kiwandani kulikuwa na sheria: kuona ufa hakutoshi, shurti uandike ulikotoka, kama ni tanuruni, kwenye mashine ya kukata, au mikononi mwa wapakiaji. Mkaguzi aliyeandika kosa mahali pasipohusika aliweza kumharibia mtu kazi. Lester alistaafu na mazoea yake yote. Kila Jumapili alitazama mchezo akiwa na daftari, televisheni imezimwa sauti, akirudisha picha nyuma mara tatu au nne. Kwa kila mpira uliopotea aliandika kosa ni la nani.

Msimu wa tatu daftari likaanza kusema mengine. Miguu ya Guidry, iliyokuwa ikirukaruka kama ya mtu aliyekanyaga makaa, ilikuwa imetulia. Zamani macho yake yalimganda mdakaji mmoja, mwenzake wa kupokea mpira, hata adui akajua mpira unakwenda wapi. Sasa yalitoka kwa wa kwanza yakaenda kwa wa pili, na wa pili akifunikwa, yakamtafuta wa tatu. Kufikia mwezi wa kumi Lester alijua kwa hakika kuwa kijana amekuwa mrushaji.

Hakumwambia mtu. Kila Jumatatu alichagua kosa moja la kweli, akalikuza, na mema thelathini akayaacha daftarini. Alijiambia kuwa hasemi uongo, ananyamaza tu. Lakini usiku na mchana nafsi yake ilimsuta, na kila ilipomsuta alijiuliza swali lilelile: akisema kijana ameiva, yeye atabaki na nini cha kusema? Nani atampigia makofi mkaguzi aliyekosa kasoro?

Jumapili ya kwanza ya Desemba Wahunzi walifungwa nyumbani, na mipira mitatu ya Guidry ilinyakuliwa na wapinzani. Kwa kanuni za mchezo ule, mpira ukinyakuliwa huandikwa kwa jina la mrushaji, hata kama ulitua viganjani mwa mwenzake ukamponyoka. Kwa hiyo hesabu ya mji ilikuwa fupi: Posta, makosa matatu. Lester akarudisha picha nyuma. Mpira wa kwanza ulimgonga mdakaji mikononi ukaruka kama uliogonga ukuta. Wa pili ulifika pale hasa ulipotakiwa kufika, ila mdakaji alikuwa amekata kona kushoto badala ya kulia. Wa tatu ulikwenda katikati ya maadui wawili. Huo aliutazama mara sita, hata akaona, au akadhani ameona, mkono wa adui ukimgusa kijana kwenye kiwiko. Akaandika kuwa nao si wake. Iliyobaki yote ilikwenda kama uzi kwenye tundu la sindano. Ulikuwa mchezo bora kabisa aliowahi kucheza kijana yule, na hakuna aliyeuona.

Baada ya mchezo Guidry aliketi mbele ya waandishi wa habari. Mmoja akamwuliza kama mpira wa kwanza haukuwa kosa la mdakaji.

"Niliurusha mimi," kijana akasema. "Ni wangu."

Akaulizwa kuhusu wa pili, akajibu kuwa nao ni wake. Warushaji ndivyo walivyo, hawamtaji mwenzao, na Lester aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini miaka yote alikuwa akiitazama miguu ya kijana. Siku ile aliutazama uso wake. Vinasa sauti thelathini vilikuwa mezani mbele yake, chumba kimejaa pomoni, na hapakuwa na mtu hata mmoja upande wake.

Nusu saa baadaye simu ya Lester ililia. Alikuwa Mitch mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kesho kipindi kingerushwa moja kwa moja kutoka baa ya Szabo, mitaa miwili tu kutoka kwa Lester.

"Tunamzika Posta, mzee wangu," Mitch akasema. "Jeneza la maboksi liko tayari. Wewe ndiye mchungaji. Ukifanya vizuri, kiti cha pembeni yangu ni chako kila Jumatatu mpaka msimu uishe. Mambo ya kungoja kwenye simu basi."

Lester alishukuru, akaiweka simu, akabaki amesimama. Kiti. Meza yenye watu, wanaomjua kwa jina, wanaomwuliza kama anataka haradali zaidi. Tangu aingie uzeeni hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kiti kile.

Asubuhi gazeti lilitoka na picha ya Guidry ameinamisha kichwa, na juu yake maneno makubwa: POSTA YAFUNGWA. Saa sita Lester aliingia baa ya Szabo na kukuta watu wapatao mia. Walimpigapiga mabegani, wakamvika kofia ya posta. Szabo mwenyewe akamletea soseji ya Kihungari iliyomwagiwa mchuzi wa nyama na pilipili, akamwambia leo yeye ni mgeni wa nyumba. Juu ya meza ya biliadi lilikuwapo jeneza la maboksi limeandikwa namba nane, namba ya kijana. Mitch akamwonyesha kiti, kisha akampa kipaza sauti.

Lester akafungua daftari. Alianza na mpira wa kwanza, akaeleza ulivyomgonga mdakaji viganjani. Watu wakacheka, wakidhani anauzungukia mzaha kwa mbali. Akaeleza wa pili, kicheko kikapungua. Alipomaliza wa tatu, na habari ya kiwiko, hakuna aliyecheka.

"Kijana huyu ameiva tangu mwezi wa kumi," akasema. "Niliona kwa macho yangu. Sikusema, kwa sababu mlikuwa mnacheka nami, na nyumbani kwangu hakuna wa kucheka naye."

Kutoka nyuma mtu akamwuliza kama mama yake Guidry amemtumia keki. Mwingine akataka kofia apewe mtu anayeijua kazi. Minong'ono ikageuka mazomeo. Mitch akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia.

"Lester, bwana, watu wameacha kazi zao waje wacheke. Nipe kichekesho kimoja tu, kiti chako kiko palepale."

Lester akakitazama kiti. Kilikuwa cha mbao, mto wake umepasuka kidogo, na tayari kilikuwa kimeshika joto lake.

"Sina," akasema. "Jina lile nilimpa mimi. Leo nimekuja kulichukua."

Mitch akaingiza matangazo ya biashara. Matangazo yalipokwisha, kitini aliketi muuza matairi mmoja mwenye mdomo mwepesi, na mazishi yakaendelea. Hakuna aliyemfukuza Lester. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuna aliyegeuka kumtazama akitoka. Aliiacha kofia kaunta, akapita kwenye theluji mpaka nyumbani, na nyuma yake akasikia watu mia wakiangua kicheko.

Juma lile lilikuwa refu kama mwezi wa njaa. Muuza duka alimpa mkate bila kuinua macho. Jumapili Guidry alicheza vizuri tena, Wahunzi wakafungwa tena, na kofia za posta zilikuwa nyingi kuliko zamani. Ukweli wa Lester haukuwa umembadilisha mtu, au ndivyo alivyoona yeye.

Hata hivyo Jumatatu alipiga simu, maana hakujua namna nyingine ya kuishi Jumatatu. Alingoja dakika arobaini. Akangoja saa nzima. Redio aliiweka juu ya jokofu, sauti chini, na kwenye simu muziki wa kusubiri ulikuwa ukijirudia. Ndipo alipomsikia Mitch akimkaribisha Ernestine Pruitt.

"Mama Ernestine, leo huna mpinzani," Mitch akatania. "Lester wako amehamia kambini kwako."

"Kwangu hajaja, na akija simtaki," Ernestine akasema, na studio ikacheka. Akangoja wanyamaze. "Mtu yule alimpachika mtoto wa watu jina baya. Misimu miwili amenicheza shere mbele ya mji mzima. Sijasahau. Na ule mpira wa tatu alimbembeleza kijana. Hakuna aliyemgusa kiwiko, aliurusha vibaya, basi."

Jikoni Lester alitaka kubisha. Lakini moyoni alijua alikuwa ameuona ule mkono kwa kuwa alitaka kuuona.

"Lakini Jumatatu iliyopita niliwasikiliza mwanzo mpaka mwisho," Ernestine akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa taratibu. "Watu mia wanamzomea, kiti kinamngoja, naye akasema alichokiona. Mitch, wewe na wenzako picha mlikuwa nazo zilezile. Kuangalia ndiyo kazi yenu. Nani kati yenu alisema? Mimi simpendi Lester, na sitajifanya nampenda. Ila hilo ni lake. Mwandikieni."

Mitch akageukia habari za hali ya hewa, akasema theluji inakuja.

Simu ya Lester haikupokelewa siku ile. Kipindi kiliisha, muziki wa kusubiri ukakatika katikati, na mlio mtupu wa laini ukabaki sikioni mwake. Kiti hakukipata, wala kicheko, wala salamu za dukani, na mpaka Ijumaa asingezungumza na mtu. Lakini ng'ambo ya mto kulikuwa na mwanamke asiyempenda, aliyemhesabia makosa yake yote bila kumpunguzia hata moja, kisha hakumnyima lile jema moja alilolitenda. Lester alikuwa amechelewa kumfanyia kijana wa watu haki ya namna hiyo, na sasa, akiwa peke yake jikoni, alijua uzito wake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.