Kiazi cha Jeraha Hupikwa Leo

Kiazi cha jeraha hupikwa leo. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo jirani, nanyi mmekuja mbio kuniuliza ni kiazi gani hicho. Haya, kaeni. Methali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Ilizaliwa shambani, huku huku kwetu Uporoto, na chanzo chake ni kijana mmoja mwenye nguvu nyingi na haya nyingi kupita kiasi.

Aliitwa Gwakisa, mtu wa Kyela, kule bondeni kwenye mpunga na migomba. Alimchumbia Subilaga, binti wa mjane mmoja wa hapa. Zamani hizo mchumba hakupimwa kwa maneno matamu. Aliitwa kuvuna viazi, mama mkwe akautazama mkono wake.

Kuvuna viazi kuna adabu yake. Jembe huanzia mbali na shina, kisha unafukua kwa vidole. Ukiteleza ukakikata kiazi, unakiweka kando yako, wazi, kila mtu akione. Jioni mafungu hayo hutazamwa, na mwenye fungu kubwa ndiye humenya viazi vyote vya jeraha. Vinapikwa siku ile ile, kabla havijaoza, naye anataniwa mpaka sufuria iishe. Vilivyo vizima huanikwa kivulini vikauke ngozi, kisha hulundikwa ghalani gizani, juu ya nyasi kavu. Mle ndimo kinamowekwa chakula cha nyumba, na mbegu ya msimu ujao.

Gwakisa alielezwa yote haya, akaitikia, kisha akalishusha jembe kama anayechimba mfereji. Mchana haujafika, fungu lake la viazi vilivyokatwa lilikuwa limeumuka. Subilaga alikuwa tuta la pili tu kutoka kwake. Kijana akawaza kicheko cha jioni, akamwaza mama mkwe. Watu walipokwenda kunywa togwa, alibaki nyuma, akavisiliba viazi vile udongo mahali palipokatwa, akavitumbukiza katikati ya gunia la vizima. Viwili akaviacha kando yake, kwa ajili ya macho ya watu.

Jioni akasifiwa. "Mkono mwepesi huu," mama mkwe alisema. Gwakisa akala viazi vya jeraha vya wenzake, akawacheka pamoja na wengine. Huyo ndiye mtu wenu.

Baada ya majuma kadhaa ghala lilianza kunuka. Mama alipoingiza mkono kwenye lundo, ulizama mpaka kifundo katika uji wa kahawia. Mbegu karibu yote ilikuwa imeoza. Na mjane asiye na mbegu, msimu ujao anakula kwa huruma ya majirani. Kazi ya kuanika ilikuwa ya Subilaga, basi lawama zikamwangukia yeye.

Asubuhi hiyo Gwakisa alikuja kuwasalimia, mkungu wa ndizi begani. Aliwakuta uani.

"Umelundika viazi vibichi!" mama alikuwa akifoka. "Binti mzima, kuanika tu kumekushinda! Nikuoze kwa watu uende ukawaozeshee na wao?"

"Mama, nilivianika," Subilaga alisema huku akilia. "Sijui kilichotokea."

Gwakisa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Aliutua mkungu, akapiga magoti.

"Mama, mwache. Ni mimi. Nilikata vingi siku ile, nikavipaka udongo, nikavitia kwenye gunia."

Mama akamgeukia.

"Kwa nini hukuviweka kando kama wenzako?"

"Niliona haya, mama. Mngenicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Tungekucheka sana. Lakini tungekucheka huku tunakula."

Gwakisa aliinuka. Aliingia ghalani, akachambua uozo ule kwa mikono yake, kiazi kimoja kimoja, mpaka jua likapinda, na mbegu iliyopona haikujaza hata kikapu. Mwaka ule mjane alipanda kipande kidogo tu cha shamba, na habari za harusi hazikutajwa tena. Kijana aliumia, na Subilaga aliumia zaidi, maana alikuwa akimpenda.

Msimu uliofuata, bila kuitwa na mtu, Gwakisa alikuja kuvuna. Alianza mbali na shina, akafukua kwa vidole, polepole kuliko wanawake wazee. Hata hivyo jembe likateleza. Kabla mtu hajaona, alisimama katikati ya shamba akakinyanyua kiazi juu, vipande viwili.

"Mama, nimekata!"

Shamba zima lilicheka. Subilaga alicheka mpaka akaketi chini. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaja akavipokea vile vipande.

"Kiazi cha jeraha hupikwa leo," alisema. Kisha, akiwa ameshampa mgongo: "Waambie wazee wako waje tuzungumze. Wasikawie."

Ndiyo hiyo. Kwa hiyo siku mtu atakapokutazama usoni akakwambia kiazi cha jeraha hupikwa leo, usikimbilie sufuria. Anakuuliza umeficha nini.