Mahindi Mia Mbili na Kumi na Moja

Hapo zamani za kale, siku ya ushuru kando ya mto, waliohudhuria ni hawa: Kiboko aliyekuwa mtemi, Nyati askari wake, Fisi mwenye kuhesabu mahindi, na Sange. Si Panya, watoto. Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu.

Sange alileta mahindi ya mbegu ya wanyama wadogo wote, nao wakasimama nyuma yake. Wangeikosa, wasingepanda.

Sheria aliiweka baba yake Kiboko: mahindi yapangwe mistari inayolingana, mmoja uwe wa mtemi. Na mwiko ulikuwepo: hindi likibaki nje ya mistari ni yatima, na mtemi akila penye yatima, tumbo humvimba.

Kila mwaka Kiboko alisema "miwili," akaondoka na nusu. Safari hii Sange alikuwa amepanga na kupangua uani kwake, akapunguza hindi moja, yakabaki mia mbili na kumi na moja.

"Miwili!" alinguruma Kiboko.

Pa! Pa! Pa! Nyati akapanga.

"Limebaki moja, Mtemi," alisema Fisi.

"Mitatu!"

"Moja."

"Mitano!"

"Moja tena!"

"Saba, basi!"

"Lilelile moja, Mtemi. Halina haya!"

Nyati alihema, hoo, hoo. "Kumi na moja!" alifoka Kiboko.

"Sasa yamebaki mawili."

"Mama yangu!" Nyati alimaka. "Yatima wamezaa!"

Kwa kumi na tatu yakabaki matatu.

Ghafla Kiboko akacheka. "Wajinga nyie! Pangeni mstari mmoja tu, mrefu. Yatima hayupo, na mstari ni wangu!"

Moyo wa Sange ulimpiga ti! ti! ti! Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu nyumbani.

"Shikamoo, Mtemi," alisema polepole. "Marehemu baba yako alisema mistari ilingane. Huu peke yake unalingana na upi?"

Kiboko akamgeukia Fisi. Fisi akainamisha kichwa. "Ndivyo alivyosema marehemu, Mtemi."

"Sasa nile nini mimi?"

"Njia ipo, baba," alisema Sange. "Kila hindi liwe mstari wake. Yote yatalingana, na yatima hatakuwepo."

"Pangeni! Njaa inaniuma!"

Nyati akapanga, jasho chururu. Sange akaokota hindi moja, akalitoa kwa mikono miwili.

"Mstari wako huo, Mtemi."

"Hoooo!" Kiboko alinguruma hadi maji yakaruka. Lakini angeivunjaje sheria ya baba yake mbele ya watu? Akalitafuna, kwacha, akazama mtoni.

Wadogo walibeba mbegu mbiombio wakicheka, na mvua ya kwanza iliwakuta shambani.

Mnyonge na aijue sheria kuliko mwenye kuitumia.

Mahindi yaliota yote. Sange alikufa kwa uzee kabla hayajakomaa.