Chui Alivyotaka Mbio Zake Zionekane

— Paukwa!
— Pakawa!
— Palikuwa na bwawa.
— Tukanywa!
— Mkanywa? Nani kawaruhusu? Lilikuwa la Chui. Tulieni niwasimulie.

Zamani hizo, wanyama wana kamera na sisi hatuna, kila kiangazi palikuwa na mashindano ya mbio. Mshindi alimiliki bwawa mpaka mvua irudi. Na mila ilikuwa hii: kila mnyama aanze mapema kadiri ya uzito wa miguu yake, na mshindi ni yule atakayeonekana kwenye picha akiwa juu ya mstari. Asiyeonekana hakushinda. Mababu waliamua hivyo baada ya kuchoshwa na mabishano.

Chui akashinda mwaka wa kwanza. Akashinda wa pili. Akashinda wa tatu. Yeye akaoga, wenzake wakalamba umande. Mpiga picha wa mashindano alikuwa Kinyonga, na kiangazi cha tatu Kinyonga alimzika mama yake, kinywa cha marehemu kimekauka. Uchungu ule haukumtoka. Lakini kinyonga ni kinyonga: akabadili rangi, akaenda kwa Chui na picha ya mwaka jana.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Unataka nini, kijiti wewe?"

"Watu wananiuliza, bwana. Hapa ulikuwa unakimbia, au umesimama unasubiri chakula?"

Chui akaitazama picha. Kila doa lipo, kila sharubu ipo, mwili umeganda kama sanamu.

"Mbio zangu ziko wapi?" akanguruma.

"Zilikatwa, bwana. Jicho la kamera lilifumbuka sehemu moja ya elfu ya sekunde, chap! Hapo hata radi ingesimama. Tukitaka mbio zionekane, jicho likae wazi zaidi."

"Likae!"

Kesho yake wakajaribu, na Ngiri mwamuzi akaja kushuhudia. Kinyonga akaweka moja ya mia mbili. Chui akapita, vuuu! Kamera, kacha! Kwenye picha mkia ukavutika kama moshi.

"Nzuri!" akasema Chui. "Ongeza!"

Kinyonga akaweka moja ya hamsini. Chui akapita, vuuu! Kamera, kaacha! Miguu yote ikawa moshi.

"Nzuri mno! Ongeza!"

"Inatosha, bwana."

"Bwawa ni la nani?"

"Lako, bwana."

"Mbio ni za nani?"

"Zako, bwana."

"Basi ongeza! Nataka picha nzima iwe mbio tupu!"

Kinyonga akamgeuzia Ngiri jicho moja. "Mzee, umesikia?"

"Nimesikia. Kaamuru mwenyewe."

Jioni Kinyonga akamwendea Konokono, ambaye alianza mbio tangu masika na sasa alibakiza hatua chache. "Kesho, ndugu yangu, ukifika kwenye mstari, simama. Usitikise hata pembe."

"Kusimama?" akasema Konokono. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Siku ikafika, jua kali. Kinyonga akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Akabana tundu la kamera, mwanga mwingi usiunguze picha. Kisha akaliacha jicho likae wazi sekunde nzima. Angemfuata Chui kwa kamera, pengine Chui angetoka pichani. Lakini siku hiyo Kinyonga shingo ilimkaza, maskini.

Vuuuu! Chui akaruka mstari.

Kaaaaaaacha! ikasema kamera.

Ngiri akaishika picha. Juu ya mstari, Konokono, safi kabisa, hata ute wake unang'aa. Nyuma yake kitu cha manjano, kama chai iliyomwagika.

"Konokono kashinda."

"Huyo hapo ni mimi!" Chui akapiga kelele, akionyesha kile cha manjano.

Ngiri akaisogeza picha puani, akainusa. "Hili ni vumbi."

"Ni mbio zangu!"

"Mbio naziona," akasema Ngiri. "Mkimbiaji simwoni."

Chui akamgeukia Kinyonga, meno nje. Lakini nyuma ya Kinyonga walikuwa wamesimama nyati arobaini, wote wana kiu. Meno yakarudi ndani.

Konokono akafungua bwawa, kila mmoja kwa zamu yake. Wakanywa, gub, gub, gub! Kinyonga akachota kidogo, akaenda kumwagia kaburi la mama yake. Aliporudi akamkuta Chui mwisho wa foleni, nyuma ya Kobe, ametulia tuli. Akampiga picha. Kila doa lipo, kila sharubu ipo.

"Safari hii umetoka vizuri sana, bwana."

Hadithi yangu imefika ukingoni: aliyekunywa amshukuru Konokono, mwenye kiu ashike foleni. Na funzo, wanangu, msilisahau. Picha haisemi uongo. Na fundi mwema humpa mteja kile kile alichoagiza, bila kupunguza hata tone.