Goti la Mzee Mhando

“Goti la chuma hutembezwa na nyama.” Mmeisikia leo dukani, mnacheka. Haya, acheni kucheka mkae. Methali hiyo ilitoka nyumbani kwetu Muheza, na mwenye goti alikuwa baba yangu.

Mzee Mhando alikuwa fundi cherehani. Goti la kulia lilipomharibikia, mimi binti yake nikamkalisha kitini. Kwetu mzazi mgonjwa hainuki: maji analetewa, viatu anavuliwa. Hata cherehani yake ya kukanyaga nikamnyang’anya. Miaka miwili alikaa hivyo, chai na mkate, akingoja upasuaji.

Akawekewa goti la chuma. Maumivu yakaisha, lakini miezi mitatu baadaye bado hasimami bila kushikwa. Naye alitaka kitu kimoja tu: kuswali msikitini amesimama safuni na wenzake.

Ndipo shaka ikamwingia. “Wamenitia goti la mtumba,” akasema. “Yule daktari alikuwa hanitazami usoni.” Suruali zilipoanza kumpwaya, akadai nimezibadilisha. Mimi! Nililia jikoni siku hiyo. Lakini shaka huambukiza jamani. Nami nikaanza kumtazama daktari kwa jicho la pembeni. Baba akaapa lazima goti litolewe.

Tukarudi hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo, Eliaichi, akamwonyesha picha: goti limekaa sawasawa.

“Picha ya nani hiyo?” Baba akaguna.

“Mzee, mimi huniamini. Na hiyo futi yako ya kupimia nguo?”

Alikuwa nayo shingoni, ufundi haukumtoka. Akajipima paja la kulia. Inchi kumi na sita. Akarudia. “Haiwezekani. Mimi ni ishirini na moja, suruali zangu nakata mwenyewe.”

“Pima la kushoto.”

Mguu ule haukuguswa na kisu. Ulikuwa kumi na saba.

Eliaichi akasema taratibu, “Huko daktari hakupita, mzee. Uzee hupunguza nyama ya mguu kidogokidogo, na kukaa huimaliza upesi. Goti ni zima, ila halina wa kulivuta. Nani alikuzuia kusimama?”

Baba hakunitaja. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo akawa anakula maharage, mayai na dagaa, na kila siku anainuka kitini mara kumi, halafu mara ishirini. Maji nikaacha kumletea. Majirani wakanisengenya: “Amemchoka baba yake.” Niliwasikia, nikameza.

Mwezi wa sita tangu upasuaji, siku ya Ijumaa, baba aliswali amesimama safu ya kwanza. Alipotoka, nami namsubiri nje, jirani yetu Bi Nasra akamkimbilia na kiti, huku akinikata jicho.

Baba akakisukuma kando. “Kalia mwenyewe. Na huyu binti yangu asisemwe tena. Goti la chuma hutembezwa na nyama.”