Jumba Lililokula Miguu Yake

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Jumba!"

"Lilikuwa!"

"Na miguu yake?"

"Imeliwa!"

Basi hapo zamani za kale, siku ya kutangazwa mnara, walikuwepo hawa. Alikuwepo Mfalme Fumo Shale bin Fumo Kitwana. Alikuwepo waziri wake, Mwinyi Makame. Alikuwepo Fundi Vuai, mkuu wa waashi. Alikuwepo Kheri, mpiga siwa, lile baragumu la kifalme, maana mfalme huyo hakupiga hata chafya pasipo siwa kulia. Na mlangoni, pale watu wanapovua viatu, alikuwepo Mzee Dege bin Shomvi, mkubwa wa Mtaa wa Chini.

Wote walitazama juu. Mzee Dege alitazama chini.

Kwa nini chini? Sikilizeni kwanza habari za jumba lenyewe.

Jumba lilikaa kileleni mwa kilima, mji mzima ukiwa miguuni pake. Aliyeanza kujenga pale ni Fumo Ngwali. Alijenga kibanda cha fito na udongo, akalala, akakoroma, akafa. Mwanawe, Fumo Mbwana, akajenga nyumba ya mawe na chokaa, kuta nene kama ng'ombe waliosimama ubavu kwa ubavu. Ilikuwa nyumba nzuri. Kosa lake ni kwamba aliwaachia warithi wake mila mbili. Mila ya kwanza: mfalme halali chini ya dari ya babaye. Mila ya pili: jiwe geni haliingii katika jumba la wafalme.

Akaja Fumo Dau. Alale wapi? Akapandisha orofa. Mawe ayatoe wapi? Akabomoa ukuta wa nyuma wa babaye. Ko! Ko! Ko! Juu likaongezeka, chini likapungua.

Akaja Fumo Kitwana. Naye akapandisha orofa juu ya orofa. Mawe akayatoa katika kuta za kati. Ko! Ko! Ko! Juu likaongezeka, chini likapungua.

Sasa zamu ilikuwa ya Fumo Shale, naye alitaka mnara.

"Mawe yatatoka wapi, Bwana?" aliuliza Mzee Dege.

"Katika nguzo za chini," alisema mfalme. "Ziko nne. Nani amewahi kuona mtu mwenye miguu minne?"

Watu wakacheka. Siwa ikalia. Vuuu!

"Lakini Bwana, ukuta wa mbele una ufa. Mkono wangu unaingia."

"Mzee Dege, wewe una makunyanzi usoni, basi kila mahali unaona nyufa. Waziri, ule ni ufa?"

"Ufa, Bwana?" alisema Mwinyi Makame. "Ukuta unatabasamu. Umefurahi kukuona."

Mfalme akamgeukia Fundi Vuai. Fundi alijua. Alikuwa ameuona ufa ule ukiwa mwembamba kama unywele. Akakohoa, akasema, "Kama unatabasamu, mimi ni nani hata niuzibe mdomo?"

Mzee Dege akavaa viatu, akashuka kilima. Alipofika nusu ya njia aligeuka. Jumba lilikuwa limeinama mbele kidogo, kama mtu anayechungulia kisima. Na kisima chenyewe kilikuwa Mtaa wa Chini: paa za makuti, mbuzi, watoto, na mkewe akipepeta mchele.

Wahame? Sheria ilikataza. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka katika kivuli cha jumba bila amri, kwani mfalme asiye na watu kivulini mwake ni mtu tu aliyepanda kilima.

Kesho yake Mzee Dege akarudi kwa mfalme. Safari hii alitazama juu.

"Bwana," alisema, "nilikosea. Mnara huu utakuwa na kivuli kirefu ajabu. Kitaangukia wapi? Juu ya vibanda vyetu, juu ya kinyesi cha mbuzi wetu. Ni aibu. Tuamuru tuhamie ng'ambo ya bonde, kivuli chako kilale mahali safi."

Mfalme akatabasamu, tabasamu pana kuliko la ukuta.

"Mnasikia? Mzee ameerevuka! Wahame wote! Na wewe, Mzee Dege, kwa adabu hiyo, nakupa chumba humu jumbani. Chumba cha chini, penye nafasi kubwa."

Nafasi ilikuwa kubwa kweli. Kuta hazikuwepo.

Nyumbani, mkewe, Mwana Zume, aliacha kupepeta. "Baba Mize, mwambie unaumwa."

"Nikikataa atauliza kwa nini."

"Aulize!"

"Akiuliza atajua. Akijua, mtarudishwa hapa. Funga mizigo, Mama Mize."

Mwana Zume akafunga mizigo. Mkeka wa mumewe akaufunga mbali na mizigo mingine.

Watu wakavuka bonde, na mbuzi wao, na kuku wao, wakinung'unika kwamba mzee amewauza kwa chumba cha mfalme. Mzee Dege akawasikia. Akapanda kilima na mkeka wake.

Ko! Ko! Ko! Juu likaongezeka, chini likapungua.

Siku ya sherehe, Fundi Vuai alikuwa na homa. Mafundi wa aina yake hupata homa kwa wakati wake. Mfalme akapanda mnarani pamoja na waziri. Kheri, huko nje, akapuliza siwa. Vuuu! Jumba likaitikia. Krrr. Krrrr. Gudu! Gudu! Gudugudugudu!

Mtaa wa Chini ukafunikwa wote, na hapakuwa na hata kuku.

Vumbi lilipotua, mfalme alionekana ameketi kileleni mwa kifusi, kilemba kichwani, hana hata mchubuko. Walio juu huanguka juu ya vitu.

"Nani yuko chini yangu?" aliita. "Kheri! Piga siwa!" Kheri alikuwa ameshavuka bonde.

Mwinyi Makame akajipangusa, akatazama kuta zilizotawanyika.

"Bwana," alisema, "sasa limecheka."

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Walisema kweli, ila hawakumalizia. Mngoje chini, lakini mngojee kando.

Hapa hadithi yangu imetua mzigo wake.

"Na Mzee Dege?"

Mzee Dege bin Shomvi alikufa katika chumba cha chini.