Siku Baiskeli Ilipokuwa Nzito

Bwana asifiwe, watoto wangu. Kaeni, kaeni. Limi, mpakate huyo mtoto asije akanikatizia maneno. Neno mmeshasomewa. Mimi kusoma sijui, nitawapa mfano tu, halafu tule, maana harufu ya nyama imeshaingia humu ndani na naona wengine shingo zimeelekea jikoni.

Kulikuwa na bwana mmoja, kwake mbali, kazi yake kwenye kiwanda cha pamba. Kila siku ya Mungu anapanda baiskeli alfajiri anakwenda, jioni anarudi. Mbuga ile ile, daraja lile lile, baiskeli ile ile nyeusi ya chuma. Lakini mwendo, jamani, mwendo haukuwa mmoja.

Kuna siku ilikuwa nyepesi. Anakanyaga pedeli mara moja, inakwenda yenyewe, utadhani inateremka mlima, na huko kwao mlima uko wapi? Siku hiyo anawapita wauza maziwa na madumu yao, anapiga kengele, anapiga na kelele: "Pisheni, pisheni! Mwenye miguu anapita!" Anafika getini king'ora hakijalia. Anakaa, anakula muhogo wake, anajipigapiga mapaja. "Hii ni miguu ya marehemu baba," anawaambia wenzake. "Haijui kuchoka hii."

Kuna siku nyingine sasa. Njia ni ile ile, lakini baiskeli nzito kama imepakia gunia la mchanga. Akikanyaga inalalamika, kwiku, kwiku. Jasho mpaka kwenye kope. Wale wauza maziwa wanampita mmoja mmoja.

"Shikamoo mzee!" kijana mmoja anamwambia, na wala si mzee. "Leo umepanda baiskeli, au yenyewe ndiyo imekupanda?"

"Nenda zako, maziwa yako yachachuke!"

Mnacheka. Yeye hakucheka. Kile kiwanda king'ora kikilia, geti linafungwa. Ukilikuta limefungwa unarudi nyumbani na njaa yako. Alishafungiwa, akaonywa, akafungiwa tena. Mwisho msimamizi akamwambia, "Bwana, ukifungiwa mara nyingine usihangaike kurudi. Wanaotaka nafasi yako wamejaa hapo nje." Na nyumbani watoto wanamtegemea yeye.

Basi akaanza kuwaza. Na mtu akiwaza akiwa na hofu, anaona vitu. Akaona hivi: asubuhi baiskeli ikiwa nzito, jana yake jioni amegombana na mke wake. Wamegombana dagaa hawana chumvi, asubuhi nzito. Amemwambia mwanamke "kwenu hamkufundishwa kupika," asubuhi nzito, tena sana. Jioni wakicheka, wakipatana, asubuhi baiskeli inaruka.

Mnaona anakokwenda huyu? Nyamazeni kwanza kinamama, msimjibie.

Asubuhi moja akalikuta geti limefungwa. Akaligonga, hakuna aliyegeuka. Akashika baiskeli yake, na hakwenda nyumbani. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, yule ambaye ukoo mzima ukivurugana unajaa kwenye mkeka wake.

"Shangazi, namrudisha mke wangu kwao leo leo."

"Kafanya nini, baba?"

"Amenifunga miguu. Nikimsema jioni, asubuhi baiskeli haiendi. Na leo kazi imekwenda."

"Amekufunga na nini?"

"Nitajuaje mimi? Dawa! Mwanamke huyu ana dawa."

Watoto wangu, hilo neno mnalijua. Mwanamke akitajwa kwa neno hilo, likatoka nje ya mlango, hana tena pa kukaa duniani. Shangazi akainuka akafunga mlango. Akatuma mke aitwe.

Mke akaja na mtoto mgongoni na furushi kichwani, maana habari ilishamfikia kabla hajatoka nyumbani. Hakulia. Alitua furushi lake, akasalimia, akakaa chini.

Mume akalinyooshea kidole. "Lifunguliwe hilo. Dawa yenyewe imo humo."

"Shangazi, fungua," mke akasema. "Mimi sina cha kuficha."

Shangazi akafungua. Kanga mbili. Sufuria ndogo. Nguo za mtoto. Na huko chini kabisa, kitambaa cheusi tii, kimefungwa fundo. Akalifungua fundo. Ndani kuna kichupa, kina kitu kizito cheusi. Na kuna dude la chuma, refu, lina mshikio.

Mume akaruka juu. "Si niliwaambia! Si niliwaambia mimi! Ndiyo hiyo!"

Shangazi akazibua kichupa, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona inanuka kama kule tunakosaga unga?"

"Ni oili chafu, shangazi. Nilimwomba mwenye mashine."

"Na hili dude?"

"Pampu."

"Ya nini?"

"Ya tairi za huyu." Wala hakumtazama mumewe. "Tyubu ya nyuma ina kitundu, inavuja kidogo kidogo. Nikishabandika uji, yeye bado amelala, natia upepo. Nachokonoa tope kwenye madigadi, napaka cheni oili. Hiyo pampu ni yangu, niliinunua kwa karanga zangu. Ndiyo maana naondoka nayo."

Shangazi akamgeukia mke tena.

"Na zile siku anazosema baiskeli ilikuwa nzito, mwanangu. Niambie ukweli. Siku hizo ulimfanyia nini?"

"Siku hizo?" Yule mke akafikiri kidogo. "Siku hizo sikumfanyia kitu, shangazi. Nilikuwa nimenuna."

Mmesikia? Siku hizo hakufanya kitu.

Mume sauti ikapungua. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mtu anaendesha baiskeli tangu mavuno yale mpaka haya, hajawahi kutia upepo hata siku moja, nilijua anajua unatoka wapi! Halafu nakusikia unawaambia watu ni miguu ya baba yako."

Yule bwana akatoka nje. Akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akashika cheni, kavu kama kuni. Akakaa pale uani amechutama, muda mrefu, kuku wanampita. Aliporudi ndani hakukaa kwenye kiti, alikaa chini.

"Shangazi," akasema. "Kumbe zile siku nzito ndio mwendo wangu mimi."

"Ndiyo, baba. Ule mwingine ulikuwa unapewa."

Akalichukua furushi ili alifunge kwenye keria. "Mama watoto, twende nyumbani. Unifundishe hiyo cheni."

"Weka kwanza hilo furushi chini," mke akasema. "Neno ulilolisema leo si la dagaa. Liombee radhi hapa hapa, mbele ya shangazi, ndipo tuongee habari za cheni."

Akaliombea. Na kesho yake mapema, baiskeli imejaa upepo, akaenda akasimama mbele ya msimamizi, akasema, "Bwana, nilikuwa na kosa langu, nimelijua." Kama alirudishiwa kazi au hakurudishiwa, hilo mtaniuliza tukishakula.

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi tukoje?

Tumekusanyika hapa kushukuru, sawa. Lakini mtu akipita mlangoni hapo akakuuliza, mtoto wako amesomaje mpaka akamaliza, utamjibu nini? "Nimehangaika, bibi, wee acha tu!" Mahindi yameitika, unasema, "Nililima mapema mimi." Homa imempanda mtoto usiku, asubuhi umemkuta anacheza na majivu, umesema nini? Hukusema kitu. Umemkaripia atoke kwenye majivu. Siku nyepesi zote ni miguu ya baba yetu. Ikikaza siku moja, siku moja tu, hapo ndipo tunatafuta mchawi. Ni mke. Ni jirani. Ni mkwe. Mikeka yangu imeisha kwa kukaliwa na watu wanaotafuta nani amewafunga, na hata mmoja hajawahi kuja hapa kuuliza, "Bibi, siku zile nilizokuwa napaa, nani alikuwa ananisukuma?"

Njoo siku moja uniulize hivyo. Nitakupikia kuku.

Na wewe baba uliyekaa karibu na mlango, na wewe mama pia, ukifika nyumbani leo tazama vizuri nani anaamka kabla yako. Mshukuru wakati pampu bado imetundikwa jikoni, usingoje iwe kwenye furushi.

Neno langu la mwisho ni hili, halafu mnawe mikono. Yule mama alinuna, na simlaumu, naye ni mtu, ana moyo. Lakini Mungu wetu, watoto wangu, Mungu wetu hajui kununa. Hebu fikirini jioni ngapi sisi tumegombana naye. Tumemwambia chakula chake hakina chumvi. Tumelala tumempa mgongo, hata salamu hatukumpa. Na asubuhi tumetoka nje, tukashika usukani, tukabonyeza tairi.

Tukakuta limejaa.